Wasomaji Wanauliza: Kanada ni pana, watu wako wapi?

Ramani ya Kanada tuliyoichapa toleo lililopita, yenye maandishi mafupi pembeni, "watu 4.2 kwa kilomita ya mraba", imetuletea barua nyingi. Zinazofanana tumeziunganisha. Tunaanza na zile zinazogombana na namba yenyewe.

Mhariri, kitabu kimoja kinasema msongamano wa watu Kanada ni 3.7, ninyi mmeandika 4.2, na mtandaoni nimekuta 4.7. Wanafunzi wananibana. Niandike ipi ubaoni? – Mwalimu wa jiografia

Mwalimu, hakuna aliyekosea hesabu. Kila mmoja amegawanya watu wake kwa eneo lake. Eneo lote la Kanada, pamoja na maziwa na mito, ni kilomita za mraba 9,984,670. Ukiondoa maji hayo, nchi kavu iliyotumika katika sensa ya 2021 ni kama kilomita za mraba 8,788,700. Hapo katikati wamekaa samaki, si watu: karibu kilomita za mraba milioni 1.2 za maji.

Sensa hiyo, ambayo siku yake rasmi ilikuwa 11 Mei 2021, ilihesabu watu 36,991,981. Wagawe kwa eneo lote, unapata 3.7. Wagawe kwa nchi kavu, unapata 4.2. Ile 4.7 hutokana na makadirio ya mwaka 2024, takriban watu milioni 41, yakigawanywa kwa nchi kavu.

Mtego uko kwenye hiyo namba ya tatu. Sensa na makadirio si kipimo kimoja. Katika sensa yoyote wapo watu wanaorukwa na wachache wanaohesabiwa mara mbili. Statistics Canada, idara ya takwimu ya taifa, hupima pengo hilo baadaye na kulirekebisha kwenye makadirio yake. Ndiyo maana makadirio ya tarehe 1 Julai 2021 yalikuwa kama milioni 38.2, zaidi ya milioni moja juu ya sensa iliyofanyika wiki saba tu kabla. Hao hawakuzaliwa ndani ya wiki saba. Kwa hiyo mwanafunzi akichukua sensa ya 2021 na makadirio ya 2024, akatoa moja kwa nyingine na kuita jibu lake ongezeko la watu, mkatie alama.

Andika 4.2, na kando yake "sensa 2021, nchi kavu". Msongamano usiotajiwa mwaka, aina ya hesabu na aina ya eneo haufai kulinganishwa na mwingine. Kwenye majimbo yenye maziwa makubwa tofauti huonekana wazi zaidi: Manitoba, yenye watu 1,342,153 mwaka 2021, hutoa 2.1 ukitumia eneo lote na 2.5 ukitumia nchi kavu.

Tunafundishwa kwamba Wakanada wote wamejibanza mpakani na Marekani kwa kukimbia baridi. Ni kweli? – Mwanafunzi wa kidato cha sita

Nusu yake ni kweli. Kwa sensa ya 2016, asilimia 66 ya watu waliishi ndani ya kilomita 100 kutoka mpaka wa kusini, kwenye ukanda ambao ni kama asilimia 4 tu ya nchi. Lakini theluthi nzima ilibaki nje ya ukanda huo, na baridi peke yake haitoshi kueleza waliomo wala wasiokuwemo.

Ingekuwa ni baridi tu, Edmonton isingekuwepo. Iko nyuzi 53.5 kaskazini, karibu kilomita 500 kutoka mpakani, na mwaka 2021 jiji hilo pamoja na viunga vyake lilikuwa na watu 1,418,118. Calgary, nayo nje ya ukanda ule wa kilomita 100, ilikuwa na 1,481,806. Kinyume chake, pwani ya kaskazini ya Ziwa Superior iko kusini zaidi ya Edmonton kwa nyuzi nne au tano, karibu kabisa na Marekani, na humo dereva huenda saa nyingi bila kukuta mji wa maana.

Anza na udongo. Karibu nusu ya Kanada ni Ngao ya Kanada, mwamba wa kale uliozunguka Ghuba ya Hudson kwa umbo la kwato. Barafu za zama zilizopita ziliukwangua udongo wake, zikaacha jiwe tupu, vinamasi na maziwa yasiyohesabika. Jembe halina kazi pale. Ngao hiyo inateremka hadi Ziwa Superior, na inapofika hapo inaikata Kanada inayokaliwa vipande viwili, mashariki na magharibi. Reli ya Canadian Pacific, iliyounganishwa mwaka 1885, ililazimika kupasua mwamba huo kwa baruti ili vipande hivyo vikutane. Ukiitazama ramani ya watu, usitafute ukanda mmoja ulionyooka kandokando ya mpaka. Tafuta visiwa vya watu vilivyotengwa na bahari ya mawe na misitu.

Kisiwa kikubwa kuliko vyote kiko kati ya Windsor na jiji la Quebec, kwenye bonde la mto St. Lawrence na kando ya Maziwa Makuu. Karibu nusu ya taifa inaishi humo. Udongo ni mzuri, majira ya joto ni ya joto kweli (Toronto iko nyuzi 43.7, kusini zaidi ya Paris), na mto ulikuwa barabara ya kuingilia tangu Wafaransa walipoanzisha Quebec mwaka 1608 na Montréal mwaka 1642. Montréal haikuwekwa pale kwa bahati. Maporomoko ya Lachine yalizuia vyombo kupanda zaidi, kwa hiyo mizigo ilishushwa hapo, na penye kushusha mizigo biashara haikosekani.

Magharibi ndiko penye somo linalorukwa mara nyingi. Kwenye nyanda za Prairie, sehemu bora haikuwa ile ya kusini kabisa. Msafara wa John Palliser, wa 1857 hadi 1860, uliiona pembetatu ya kusini, karibu na mpaka, kuwa kavu mno kwa kilimo. Udongo mweusi wenye rutuba umejipinda kama upinde kuizunguka pembetatu hiyo, ukipanda kaskazini-magharibi hadi Edmonton. Waliopuuza onyo la Palliser na kulima pembetatuni waliipata taabu yake katika ukame wa miaka ya 1930. Jimbo la Saskatchewan, lililokuwa na watu 921,785 mwaka 1931, lilibaki na 831,728 mwaka 1951. Jirani yake Alberta ilipata mafuta huko Leduc mwaka 1947, na tangu hapo majirani hao wawili wakaachana njia.

Kule Pasifiki, milima ndiyo inayoamua. British Columbia ni jimbo kubwa, lakini sehemu tambarare, yenye rutuba na bandari isiyoganda ni bonde la chini la mto Fraser. Jiji la Vancouver limebanwa na milima kaskazini, bahari magharibi, mpaka kusini, na tangu 1973 pia na sheria ya hifadhi ya mashamba inayozuia kujenga ovyo kwenye ardhi ya kilimo. Matokeo yake manispaa ya Vancouver ilikuwa na karibu watu 5,750 kwa kilomita ya mraba mwaka 2021, katika nchi ambayo wastani wake ni 4.2.

Jimbo lenye msongamano mkubwa zaidi ni Ontario, sivyo?

Sivyo. Ni Kisiwa cha Prince Edward: watu 154,331 na msongamano wa 27. Ontario, yenye watu 14,223,942, ilipata karibu 16, kwa sababu sehemu kubwa ya jimbo ni ile Ngao tuliyoieleza. Wengi si lazima wawe wamesongamana.

Nimetengeneza ramani ya msongamano wa wilaya za sensa kwa programu ya QGIS, nikaiachia ichague madaraja ya rangi. Kanada nzima imetoka rangi moja, isipokuwa vitone vichache visivyoonekana. Nimekosea wapi? – Mwanafunzi wa chuo

Kutokana na maelezo yako umekosea mahali pawili, na huenda pa tatu pakawa pamejificha. Tutakwenda kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Umetumia wilaya za sensa, ambazo ziko 293. Ni vipande vikubwa mno kwa nchi hii. Wilaya ya Kenora, Ontario, ina karibu kilomita za mraba 400,000 na watu zaidi ya 60,000. Jiji la Toronto nalo ni wilaya ya sensa: kilomita za mraba 631, watu 2,794,356. Kwenye karatasi yako Kenora inachukua nafasi ya Toronto zaidi ya mara 600, ilhali watu wake ni wachache kwa zaidi ya mara 40. Rangi ya Kenora inamwambia msomaji kwamba watu wametapakaa sawasawa msituni, wakati kwa kweli wako kwenye miji michache iliyofuata barabara na reli, pamoja na jamii za Mataifa ya Kwanza, wenyeji wa asili wa Kanada, ambazo baadhi hufikiwa kwa ndege au kwa barabara ya barafu wakati wa baridi tu.

Shuka hadi vipande vidogo vya sensa, maeneo ya usambazaji wa takwimu (dissemination areas). Yako zaidi ya 57,000, na kwa kawaida kila moja lina watu 400 hadi 700. Kompyuta yako ikiwa dhaifu, fanya jimbo moja moja.

Kisha chagua faili ya mipaka kwa uangalifu. Zipo aina mbili. Ya dijitali huendelea hadi ndani ya maji, kwa sababu mipaka ya kisheria iko humo. Ya katografia imekatwa ufukweni. Ukiiachia programu ikupimie eneo kwenye ile ya kwanza, utagawanya watu kwa mawimbi ya Ziwa Huron. Afadhali usipime kabisa: tumia safu ya LANDAREA iliyomo kwenye faili, ndiyo nchi kavu rasmi kwa kilomita za mraba. Kuunganisha jedwali la watu na ramani, tumia msimbo wa DGUID. Una herufi katikati, kwa hiyo hausomwi kama namba. Misimbo mingine huharibika njiani: upande mmoja unasomwa kama maandishi, mwingine kama namba, halafu muungano unatoa safu tupu bila hata onyo.

Ukilazimika kupima mwenyewe, angalia makadirio ya ramani (projection), yaani namna dunia ya mviringo inavyolazwa kwenye karatasi bapa, si makadirio ya watu. Yale yanayotumiwa na Statistics Canada, ya Lambert (EPSG:3347), hutunza umbo, hayatunzi eneo. Kwa kupima, hamia Albers ya maeneo sawa. Usipime kamwe kwenye Mercator ya ramani za mtandaoni. Kwenye nyuzi 60 hukuza eneo mara nne, na kwenye nyuzi 70 zaidi ya mara nane, kwa hiyo msongamano wa kaskazini, ambao tayari ni mdogo, unashushwa tena hadi robo au chini ya hapo.

Sasa rangi. Programu imekugawia madaraja yenye upana sawa, kutoka 0 hadi makumi ya maelfu. Kwa kuwa karibu nchi yote iko chini ya 1, yote imeangukia daraja la kwanza. Weka mipaka kwa mkono, kila daraja likizidi lililotangulia mara kumi: chini ya 0.1, kisha hadi 1, hadi 10, hadi 100, halafu kata kwenye 400, na mwisho zaidi ya 400. Hiyo 400 si ya kubuni, utaiona kwenye jibu la swali la miji. Sifuri ipewe daraja lake peke yake na iachwe nyeupe. "Hakuna mtu" na "wapo wachache" ni habari mbili tofauti.

Ukitaka nukta badala ya rangi, jihadhari na jambo hili. Ukiweka nukta moja kwa watu 1,000 na vipande vyako vina watu 500, programu hugawanya, ikapata nusu, na zipo zinazoitupa hiyo nusu. Eneo zima la Nunavut, kule kaskazini kabisa, linaweza kupotea hivyo, likiwa na watu wake 36,858. Punguza hadi nukta moja kwa watu 100, au kusanya masalio ya vipande jirani kwanza. Vilevile nukta hutupwa popote ndani ya kipande, hata ziwani. Statistics Canada hutoa faili ya mipaka ya sehemu zinazokaliwa na watu. Kata vipande vyako kwa faili hiyo kabla ya kumwaga nukta.

Nikigawa eneo la Nunavut kwa watu wake, kila mtu anapata karibu kilomita 50 za mraba. Mbona nasoma kwamba kule kuna shida ya nyumba? – Msomaji

Hesabu yako ni sahihi, na haina kazi yoyote. Hakuna mtu Nunavut anayeishi kwenye kilomita zake 50. Watu wote wako kwenye jamii 25, nyingi za mamia kadhaa au elfu moja na kitu, zote ufukweni isipokuwa Baker Lake. Hakuna barabara inayounganisha hata mbili kati yake. Iqaluit, mji mkuu, ulikuwa na watu 7,429 mwaka 2021.

Ndani ya jamii hizo nyumba zinagusana mabega, na ndani ya nyumba watu wanabanana zaidi. Katika sensa ya 2021, zaidi ya nusu ya Wainuit, wenyeji wa asili wa kaskazini, walioko Inuit Nunangat, nchi yao ya asili ambayo Nunavut ni sehemu yake, waliishi kwenye nyumba zisizo na vyumba vya kulala vinavyotosha. Ardhi ipo tele. Kinachokosekana ni kiwanja kinachojengeka na nyumba yenyewe.

Fuatilia safari ya nyumba moja ndipo utaelewa. Mti wa kukata mbao haupo. Mbao, misumari, vigae na madirisha vinaagizwa kusini miezi kadhaa kabla, vipakiwe melini, vifike katika miezi michache ambayo bahari haina barafu, takriban Julai hadi Oktoba. Kikisahaulika kifaa kimoja, au kikifika kimevunjika, kinaletwa kwa ndege kwa gharama nyingine kabisa, au kinangoja mwaka ujao. Ardhi imeganda chini daima. Nyumba yenye joto ikikaa moja kwa moja juu yake huiyeyusha, msingi ukazama upande mmoja na milango ikagoma kufunga. Kwa hiyo hujengwa juu ya nguzo, hewa baridi ipite chini. Mabomba ya kufukia ni shida kwa sababu hiyohiyo. Katika jamii nyingi maji safi huletwa kwa lori hadi kwenye tangi la nyumba, na maji machafu huondolewa kwa lori lingine. Nyumba iliyo mbali na nyingine ni safari ya ziada ya malori mawili kila mara, hata wakati wa dhoruba ya theluji. Ndiyo maana manispaa haina hamu ya kumruhusu mtu ajenge kilomita tano nje, hata kama huko ni tupu hadi upeo wa macho.

Ongeza kwamba wakazi wa Nunavut ndio wenye umri mdogo kuliko majimbo na maeneo yote ya Kanada. Kaya mpya zinahitajika kila mwaka, na meli haziji mara nyingi zaidi kwa ajili hiyo.

Nchi yenye watu 4 kwa kilomita basi ni ya wakulima na vijiji?

Ni nchi ya mijini. Mwaka 2021 asilimia 17.8 tu ya Wakanada waliishi vijijini, kwa maana rasmi. Sehemu huitwa kituo cha watu ikiwa na angalau watu 1,000 na angalau watu 400 kwa kilomita ya mraba. Kilichobaki chote huhesabiwa kuwa kijijini. Toronto, Montréal na Vancouver pamoja na viunga vyake zilikuwa na watu 13,136,782, zaidi ya theluthi ya taifa, kwenye kama asilimia 0.15 ya nchi kavu.

Angalieni lakini, "Toronto" si kitu kimoja. Jiji lenyewe lilikuwa na msongamano wa karibu 4,430. Eneo kuu la sensa la Toronto, ambalo huchukua manispaa nzimanzima ikiwemo mashamba yake ya pembezoni, lilikuwa na 1,051. Mwandishi anayelinganisha jiji moja kwa mipaka ya manispaa na lingine kwa eneo kuu la sensa analinganisha vitu viwili tofauti, na magazeti hufanya hivyo kila wiki.

Kwa nchi kama hii, kipimo kinachosema ukweli zaidi ni msongamano uliopimwa kwa uzito wa watu. Chukua nchi ya kubuni: watu 90 kwenye kilomita moja ya mraba, 10 kwenye kilomita 99. Wastani wa kawaida ni watu 100 kwa kilomita 100, yaani 1. Sasa zidisha msongamano wa kila sehemu kwa watu wake: 90 mara 90 ni 8,100, na 10 mara 0.1 ni 1. Jumlisha, gawanya kwa watu 100: ni 81. Mtu wa kawaida wa nchi hiyo anaamka kwenye msongamano wa 81, si 1. Sharti ni moja. Kipimo hiki hupanda kadiri vipande vinavyokuwa vidogo, kwa hiyo unapolinganisha nchi mbili hakikisha vipande vinakaribiana kwa ukubwa.

Kwenye picha za setilaiti, mashamba ya Quebec ni vipande vyembamba virefu na nyumba zimepangwa mstari. Saskatchewan ni miraba mitupu na nyumba ziko mbalimbali. Ni sababu ya ardhi? – Msomaji, mpimaji wa ardhi

Ni sababu ya watu wa fani yako. Quebec, chini ya utawala wa Wafaransa, ardhi iligawanywa na mabwana kwa vipande vyembamba vilivyoanzia mtoni: upana wa kama mita 175 mara nyingi, urefu wa kilomita mbili hivi. Kila familia ilipata mto, ambao ndio ulikuwa barabara, kisha udongo wa bondeni, kisha msitu wa kuni nyuma. Nyumba zilijengwa mbele, kwa hiyo jirani alikuwa mita mia na kitu tu. Mfumo huo ulifutwa mwaka 1854, ila mipaka ilibaki.

Prairie ilipimwa kabla ya wengi kufika. Sheria ya mwaka 1872 ilitoa robo ya maili ya mraba, ekari 160 au kama hekta 65, kwa ada ya dola 10, kwa sharti la kuishi hapo na kulima kwa miaka mitatu. Mitaa ilipimwa maili sita kwa sita, vipande 36. Vya namba shufwa vilikuwa vya walowezi, vya witiri vingi vilitengewa reli, namba 11 na 29 zilikuwa za shule, na namba 8 pamoja na sehemu kubwa ya 26 zilikuwa za kampuni ya Hudson's Bay. Fikiria maana yake: si tu kwamba mlowezi alilazimishwa na sheria kuishi shambani badala ya kijijini, bali hata kipande cha pembeni yake huenda kilikaa bure miaka mingi kikisubiri reli iuze. Trekta zilipokuja na mashamba yakaunganishwa, mtawanyiko huo mwembamba ulizidi kuwa mwembamba, na vituo vya reli vilivyoishi kwa kupokea ngano vikafungwa kimoja kimoja.

Je, mji unaweza kutoweka kabisa kwenye takwimu?

Unaweza kukaribia. Uranium City, kaskazini mwa Saskatchewan, ulikuwa na maelfu ya watu hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1982. Leo hawafiki 100. Hata jimbo zima hupungua: Newfoundland na Labrador lilikuwa na watu 568,474 mwaka 1991. Uvuvi wa chewa ulipopigwa marufuku mwaka 1992 wengi waliondoka, na sensa ya 2006 ilikuta 505,469.

Kinyume chake pia hutokea: watu wapo, takwimu haiwaoni. Sensa ya Kanada humhesabu mtu kwenye makazi yake ya kawaida. Mfanyakazi wa mafuta anayelala kambini kaskazini mwa Alberta wiki mbili na kurudi kwake wiki mbili anahesabiwa kwake, hata kama kwake ni upande wa pili wa nchi. Manispaa ya Wood Buffalo, uliko mji wa Fort McMurray, imewahi kufanya hesabu zake yenyewe ili kuwaingiza watu hao, na walikuwa makumi ya maelfu. Maji, barabara na hospitali hutumiwa na aliyepo, si na aliyeandikwa, kwa hiyo anayepanga huduma kwa sensa peke yake katika mji wa kambi atapungukiwa.

Dunia ikiongezeka joto, Wakanada watahamia kaskazini?

Tusingewekeza fedha kwenye wazo hilo. Joto haligeuzi mwamba wa Ngao kuwa udongo. Na pale penye ardhi iliyoganda, kuyeyuka kunaharibu misingi ya nyumba, viwanja vya ndege na barabara za barafu ambazo ndizo zinazoshikilia jamii zilizopo.

Kwenye jedwali la kijiji kimoja, idadi ya watu ni 91, lakini jedwali la umri linatoa jumla ya 90 na vipengele vyake vyote vinaishia na 0 au 5. Nani kakosea?

Hakuna. Idadi kamili ya watu hutolewa kama ilivyohesabiwa, lakini majedwali ya sifa zao hukadirishwa kwa nasibu, kwenda juu au chini, hadi namba inayogawanyika kwa 5, ili asitambulike mtu mmoja mmoja. Kila kisanduku hukadirishwa peke yake, jumla nayo peke yake, kwa hiyo vipengele havilazimiki kukubaliana na jumla. Sehemu yenye watu chini ya 40 hufichwa sifa zake kabisa. Kwa vijiji vya kaskazini hilo ni jambo la kila siku, kwa hiyo usitoe asilimia kutoka kwenye kisanduku chenye 5: huenda kilikuwa 1, huenda kilikuwa 9. Unganisha vijiji kadhaa kwanza, au tumia jedwali la mkoa mzima.